Redio Mpya ya Wangila

Ijumaa moja mwaka 1999, saa nane mchana, redio mpya ya CB, ile ya kuitana kwa maiki, ilikutwa imeungua ndani ya lori la mifugo lililoegeshwa Kitengela. Dereva wake, Wangila, alikuwa ameenda kula. Mwenye lori, Abshir, alikuwa ametoka msikitini. Koplo Selpha alipanda akachungulia. Mfuniko ulikuwa umefunguliwa, skrubu ya nguvu imezungushwa hadi mwisho, na waya wa maiki umeviringwa mara mbili kwenye gia.

Nje, Abshir alikuwa amemkaba Odero, fundi wa redio.

"Ni huyu! Wiki nzima anatusumbua aiongeze nguvu. Leo anatoka kwa kibanda yangu!"

"Afande, nilisema iongezwe kidogo tu, ifike Namanga," Odero akalia. "Wangila akakataa, nikanyamaza. Hiyo skrubu niliwaonyesha madereva wote. Fundi gani anazungusha mpaka mwisho?"

Kibanda kile alichokodishwa na Abshir ndicho kilichokuwa kikilisha watoto wake.

Selpha akamgeukia Wangila. "Pengine wewe ulibadilisha nia?"

"Mimi? Inafika Kajiado vile ilitoka dukani. Nichezee ya nini? Nikimaliza kuongea natundika maiki kwa ndoano yake, naenda zangu."

 Selpha alivuka hadi lori la pili la Abshir, alikokuwa ameketi Khisa, dereva wa siku nyingi. Wangila akamfuata, na Abshir akimkokota Odero.

"Khisa, hebu niitie Kajiado."

Khisa akachukua maiki ya redio yake kuukuu. Waya wake ulikuwa umekatika kwa ndani, redio haiongei mpaka uvutwe ukaze. Bila hata kutazama, akauviringa mara mbili kwenye gia, akabonyeza. Redio ikakoroma tu.

"Ya mwenzako waya yake ni nzima," Selpha akasema. "Huko uliviringa ya nini?"

Khisa akautazama mkono wake mwenyewe kama amefumaniwa nao. Abshir akaliachilia shati la Odero.

"Miaka sita nakuendeshea, Abshir," Khisa akasema. "Huyu amekuja juzi tu, ukampa mpya. Mimi niko na hii takataka."

Maneno yale yalimchoma Selpha. Kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi alikuwa amepandishwa cheo juu yake, na roho ilikuwa bado inamuuma. Lakini Odero alikuwa amesimama pale, vifungo vya shati vimekatika.

"Kwa hivyo uliingia ukaichoma."

"Hapana, afande. Niliingia niite mara moja tu, na mimi nisikike. Naipanoi, yule wa redio ya soko la Kajiado, akanijibu papo hapo. Sauti safi kabisa." Khisa akaufungua waya kwenye gia. "Lakini akanisalimu kwa Kimaasai, 'Sopa, Wangila.' Ndio nikafungua mfuniko, nikazungusha ile skrubu, nikafinya maiki mpaka moshi ikatoka."