Magharibi ya Tallinn

"Haloo, Tahiya, wanisikia? Ndo kwanza natoka kuswali Magharibi."

"Nakusikia, mume wangu. Huko nako Magharibi ishaingia?"

"Ishaingia zamani. Saa zao na zetu ni moja, hukujua? Sasa hivi kwako saa kumi na mbili u nusu, na kwangu saa kumi na mbili u nusu."

"Basi raha, hatupishani hata dakika."

"Hatupishani, mpenzi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi, katika hoteli ninayofanya kazi hapa Mkunazini, nikichekacheka peke yangu kama mwali aliyeletewa posa. Mume wangu, Mansour, alikuwa siku ya nne Ulaya. Mimi ndiye Tahiya, nina miaka thelathini na moja, na mpaka jioni ile nilijihesabu mwanamke mwerevu.

"Leo umekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimepanda juu kilimani, wenyewe wanapaita Toompea. Ukisimama pale unaiona Tallinn yote chini yako, mapaa mekundu, minara, na bahari kwa mbali. Kuta zao za mawe zina miaka mia saba na bado zimesimama. Na pale uwanjani kati ya mji kuna duka la dawa, Tahiya, lipo tangu mwaka elfu moja mia nne ishirini na mbili, na mpaka leo wanauza panadol."

"Muongo wee!"

"Wallahi. Na vichochoro vyao utasema uko Mji Mkongwe, ila hakuna vespa za kukupigia honi."

"Sweta unavaa?"

"Navaa. Kuna kibaridi. Mwakani tutakuja sote, inshallah."

Duka la dawa ni kweli lipo. Nilikuja kuliona baadaye kwenye mtandao, na nikalia kwa sababu ya lile duka kuliko mengine yote.

Mansour ni mtembeza wageni. Huwachukua hotelini akawapeleka Kidichi kwenye mashamba ya viungo, akawavunjia mdalasini, akawanusisha karafuu, akawachekesha. Mwezi wa tatu alitembeza kundi la watu wa Estonia, akarudi nyumbani amechangamka: wamemwalika Tallinn, siku saba, aone mji wao mkongwe kama walivyouona wetu. Visa akanionesha kwenye simu. Sweta nikamnunulia mimi mitumbani Darajani, nikalifua mara mbili. Alfajiri ya Jumapili akatoka na begi lake, hakutaka nimsindikize bandarini kwenye boti ya Dar, akapande ndege huko. Alisema tutalia mbele za watu.

Mimi kazi yangu ni kufungua paspoti za wageni kila siku ya Mungu. Ya mume wangu sikuifungua.

Siku ile mapokezi tulikuwa na mgeni kutoka Tallinn hasa, mama wa makamo anaitwa Kadri. Alifika jana yake. Alikuwa amekaa kwenye kochi akingoja gari ya kumpeleka kula. Nilipoweka simu chini sikuweza kujizuia, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kaunta:

"Mume wangu yuko mjini kwenu. Sasa hivi kanambia katoka kuswali Magharibi."

"Hiyo ndiyo sala ya saa ngapi?"

"Haina saa. Ni jua likishazama."

Kadri akaitazama saa ya mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Labda amekosea kusema," akajibu taratibu. "Mwezi huu wa sita, kwetu jua linazama saa nne na nusu za usiku, na dakika kidogo. Sasa hivi watoto bado wanacheza mpira nje."

"Saa nne na nusu za usiku?"

"Ndiyo. Na hata likizama, giza lenyewe halikolei."

Nikacheka, maana sikuwa na la kufanya. Mtu aliyezaliwa Unguja na kukulia Unguja, jua lake huzama wakati ule ule mwaka mzima, likizidi ni nusu saa. Mansour alikuwa ametazama saa za Tallinn zikoje, akaona zimelingana na zetu, akafurahi. Jua hakulitazama.

Nikampigia tena.

"Mansour, hebu nipigie picha dirishani hapo ulipo, nione mji."

"Sasa hivi? Giza, mke wangu, haitaonekana kitu. Ntakutumia kesho."

"Giza?"

"Giza totoro."

"Haya. Lala salama."

Dakika tano baadaye ikaingia picha: minara miwili ya mawe yenye kofia nyekundu, mbingu ya buluu, jua kali. Chini yake ameandika, "Hii ya mchana, mpenzi. Ulinzi wa mji. Nimekukumbuka hapa." Nikaiangalia mpaka simu ikajizima.

Asubuhi yake, Alhamisi, nilikwenda Ng'ambo kwa mama yake Mansour, Bi Mwanakheir. Nilimkuta barazani anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema, kheri?"

"Mama, Mansour yuko wapi?"

"Si Ulaya?"

"Mji gani?"

"Huo... huo mnaousema."

"Mama, apa."

Akaiweka sinia chini.

"Unaniapisha, Tahiya, nyumbani kwangu?"

"Nakuapisha kwa sababu hujapata kunidanganya hata siku moja. Ukiapa ntaamini, ntakwenda zangu kazini."

Alijaribu, masikini, nilimwona midomo inatikisika. Mwanamke anayeswali Dhuha hawezi kuapa uongo asubuhi.

"Yuko Bububu," akasema.

"Bububu kwa nani?"

"Ameoa, mwanangu. Jumapili."

Nikahesabu kwa vidole hapo hapo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Siku saba. Fungate! Bwana harusi hatoki nyumbani kwa biharusi mpaka siku saba ziishe, ndivyo tulivyolelewa sote. Sasa mwanamme mwenye mke mjini, siku saba za kutoonekana atazipata wapi? Mansour alizipata Tallinn.

"Na wewe ulikwenda, mama?"

"Nilikwenda. Ni mwanangu, nifanyeje?"

"Ungenambia."

"Alisema atakwambia mwenyewe akishatulia. Anakwogopa, Tahiya."

"Ananiogopa! Kuniogopa hakukumzuia kuoa, kumemzuia kusema?"

Akanieleza nyumba ilipo, kwa sauti ya chini, bila mimi kuuliza.

Nataka nieleweke hapa. Siku Mansour aliponiposa nilimwambia neno moja tu: sikuzuii kuoa, dini imekuruhusu, lakini niambie wewe kwa mdomo wako, kabla, nami nitaamua nibaki au niondoke. Akanishika mkono akaahidi. Basi hata nilipojua, nilikuwa bado nangoja aseme. Wapo watakaoniita mjinga. Nilimpenda, na nilijiambia akisema mwenyewe, hata kwa kuchelewa, nitajaribu kubaki.

Alhamisi jioni nikampigia.

"Una lolote la kunambia?"

"Lipo. Leo nimekula halua yao ya lozi, wanaifinyanga maua na wanyama. Nakuletea."

Ijumaa nikamwandikia: "Mansour, kama kuna neno, nambie leo. Sitogombana."

Akajibu: "Neno ni moja tu, nakupenda. Kesho nnapanda ndege."

Jumamosi nikachukua taksi mpaka Bububu.

Mlango ulifunguliwa na mama mtu mzima, Bi Tabia, somo wa biharusi, ndiye aliyemfunda. Nyumba nzima ilikuwa inafuka udi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kumpa mkono biharusi."

"Marahaba. Watu watakuja jioni, mwanangu, leo ndo wanatoka fungate. Lakini ushafika, pita."

Aliniingiza chumbani. Nassra alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, kikuba cha asumini kifuani. Binti wa miaka ishirini na mbili, tatu. Mzuri, wala sitomsingizia. Bi Tabia alishanidokeza mlangoni kuwa baba yake ana shamba la viungo Kidichi, na hapo nikaelewa Mansour alikuwa akiwanusisha karafuu akina nani.

"Karibu, dada," akasema. "Samahani, sijakujua."

"Naitwa Tahiya."

"Tahiya yupi?"

"Tahiya wa Mansour."

Akanitazama kama aliyeona mzuka.

"Tahiya wa Mansour si yuko Tallinn?"

Nikakaa juu ya mkeka wake.

"Nani kakwambia niko Tallinn?"

"Mwenyewe. Kasema umepata mzungu hotelini, umedai talaka yako, umekwenda kuishi kwao. Mpaka picha unazomletea kanitumia."

Akaifungua simu yake kwa vidole vya hina. Minara miwili, kofia nyekundu, jua kali. Ile ile.

"Nilimwonea huruma," akasema Nassra, na machozi yakaanza kumtoka. "Nikasema mwanamme kaachwa vile, mie ntamtunza."

"Nassra, nani huyo?" Sauti ya Mansour ikatoka ua wa nyuma. Akaingia na kikoi kipya, nywele zinachuruzika maji. Akaniona. Akashika fremu ya mlango.

"Za safari?" nikamuuliza.

"Tahiya... Nilikuwa nnakuja kukwambia."

"Nimekuuliza Alhamisi. Nimekuandikia Ijumaa."

"Sikutaka kukuumiza."

"Kusema nimetoroka na mzungu, huko ndo kutoniumiza?"

"Si hivyo, wewe hujui ilivyokuwa, mie..."

"Mansour," Nassra akamkata, na alisema taratibu sana. "Katika sisi wawili, nani yuko Tallinn?"

Mtembeza wageni, mtu anayeongea lugha nne, akainama kukaza kikoi chake.

"Nilikuomba neno moja tu," nikamwambia. "Liseme sasa. Sema: Tahiya, nimeoa. Niko hapa, nakusikiliza."

"Wale wageni waliniita kweli, Tahiya. Wallahi waliniita. Ila visa ikachelewa, ndo nikasema, basi kwa hizi siku..."

Nikamnyamazisha kwa mkono. Nilitaka neno moja la kweli, na yeye bado anatafuta visa, ile ile aliyokwisha kunionesha kwenye simu. Nilimtazama nikaona sina mtu pale.

"Niandikie talaka yangu."

"Kwa hasira hizi?"

"Hasira nilikuwa nazo Jumatano. Leo sina. Andika."

Bi Tabia akasema astaghfirullah, nyumba ya harusi haiandikiwi talaka. Nikamwambia bibi nisamehe, hiyo nyumba ya harusi nimeisikia juzi tu. Ami yake Nassra, Mzee Ame, akaitwa kutoka msikitini, akaja na mwenzake wawe mashahidi. Wakajaribu kunisihi, kisha wakamsikiliza Nassra akieleza habari ya picha, wakaacha kunisihi.

Mansour akiandika, nikamgeukia Nassra.

"Na wewe utafanyaje?"

"Mie nshaozwa, dada. Wiki hata haijesha. Baba kalisha watu Bububu nzima, ntamwambia nini?"

"Mwambie kweli."

"Hiyo kweli itanivunjia uso mie, si yeye. Watasema biharusi kaachika fungateni, kuna walilomwona nalo."

Ndivyo watakavyosema, nami nilijua.

Mansour akanipa karatasi.

"Ni talaka moja tu, Tahiya," akanong'ona. "Kabla eda haijesha, naweza kukurejea. Ntakuja tuzungumze."

"Ukija utamkuta kaka yangu mlangoni."

"Miaka sita, Tahiya."

"Ningekusamehe Nassra," nikamwambia. "Ningekusamehe, Mansour. Hukunipa hata nafasi hiyo."

Nikaiweka karatasi mkobani nikatoka. Nje wanawake walikuwa wameshaanza kuja kumtoa biharusi, wamevaa sare, na masinia yamefunikwa kawa. Walinisalimu kwa bashasha, wakanidhania mgeni wa shughuli aliyewahi.

"Umeshamwona biharusi?" mmoja akaniuliza.

"Nimemwona."

"Mzuri?"

"Mzuri, mashaallah."

"Basi mbona unaondoka na hatujala?"

"Nina safari," nikamwambia.

Akacheka, akachukua mrashi kwa mwenzake, akanimiminia marashi viganjani kama anavyofanyiwa kila mgeni. Nikayapokea, maana hayakataliwi. Nikapaka mikono, nikapaka na buibui. Nikaingia eda ninanukia harusi ya mume wangu.