Tanki Kubwa Lililokauka Saa Mbili Asubuhi

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita. Milango yote inatazama uani. Hapo uani pana kamba mbili za kuanikia nguo, jiko la nje, na tanki la maji juu ya jukwaa la matofali. Maji huja mara moja tu kwa siku, saa kumi alfajiri. Yanajaza tanki, kisha yanakatika. Yaliyoingia ndiyo ya kutwa nzima. Ukichelewa, imekula kwako.

Tanki letu la kwanza lilikuwa la ndoo hamsini. Likawa linakauka mchana. Tukaona ni dogo. Tukachanga, mwenye nyumba akaongezea, tukanunua la ndoo mia moja. Jeusi, linang'aa. Fundi Viatu wa chumba cha kwanza alilipigapiga kama ng'ombe aliyenona.

"Hili hata tembo akija kuoga, atatubakishia," alisema.

Wiki ya kwanza tulijiachia. Tulifua mikeka, mapazia, hata magodoro. Siku ya nane, saa tisa alasiri, koki ikakohoa. Maji hakuna. Tukashtuka. Kesho yake kila mtu akarudi na dumu jipya. Baada ya hapo tanki likawa linaisha saa sita, kisha saa nne. Mwezi haujaisha, saa mbili asubuhi koki ilitoa hewa tu.

Jamani! Tanki mara mbili ya lile la zamani, linakauka kabla uji haujapoa!

Tulimwita fundi bomba. Alipanda, akachungulia, akapapasa kila kiungo.

"Bibi, tanki zima kabisa," aliniambia. "Hakuna tundu hata la sindano."

"Sasa maji yanakwenda wapi, mwanangu?"

Alipandisha mabega. Nyuma ya nyumba, kwenye mtaro wetu, bata wa jirani walikuwa wanaogelea na kutikisa mikia. Sikuwajali. Nilikuwa nawaona kila siku.

Jumapili alasiri, wote tukiwa tumerudi, Fundi Viatu aliitisha kikao. Alikuwa ameshampata mkosaji: Mama Pacha wa chumba cha sita.

"Watoto wawili, nepi kumi na sita," alisema. "Kamba zetu zimejaa bendera kama tunapokea mgeni wa serikali."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Mwenye nyumba amesema tukikubaliana, mwezi ukiisha Mama Pacha anahama."

Mama Pacha hakucheka. Yeye hufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Hutoka saa tisa usiku, hata Jumapili, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, anawaacha kwa mlezi. Hurudi saa sita mchana.

"Kaka, tanki linakauka saa mbili. Mimi narudi saa sita. Hizo nepi nazifulia mate?"

"Unachota kabla hujatoka."

"Natoka maji hayajaja. Na hata yangekuwepo, nina watoto mbele na nyuma. Ndoo niibebe kwa meno? Maji nanunua kwa mkokoteni. Muulizeni mwenye mkokoteni."

Fundi Viatu akakuna shingo. Lakini hakurudi nyuma. "Basi tupige kura," alisema.

"Ngojeni kwanza." Aliyesema ni Mtunza Stoo wa chumba cha nne. Ni mama mpole, anatunza stoo ya hospitali, na hesabu zake hazikosei. "Kabla hatujamtoa mwenzetu, kila mtu alete hapa uani vyombo vyake vyote vyenye maji. Vyote. Hata vya mvunguni."

Moyo wangu ulipiga pa! Maana mvunguni kwangu nilikuwa napajua mwenyewe.

Tukaanza kutoa. Mimi madumu manne, ndoo tano, beseni la kufulia, na sufuria kubwa ya kupikia shughuli. Wengine walitoa makopo, birika, hata bafu la mtoto aliyekwisha kuanza shule. Fundi Viatu alitoa ndoo tatu, akasimama mlangoni.

"Hiyo meza yako ya duara je?" Mtunza Stoo alimuuliza.

"Ni meza."

Mtunza Stoo alisogea, akavuta kitambaa. Haikuwa meza. Lilikuwa pipa, limejaa hadi shingoni.

"Yaani!" nilipiga kelele. "Siku zote tunakunywa chai juu ya maji!"

Mama Pacha alileta vyombo vyake mwisho. Ndoo mbili. Kavu. Alikuwa ameziinamisha juu chini.

Mtunza Stoo alihesabu kwa kidole. Yote pamoja, ndoo sabini na tatu. Tanki la ndoo mia, na hadi alasiri sabini na tatu bado zimo vyumbani mwetu!

"Bibi, kwa siku unatumia ngapi?"

"Saba. Wajukuu wakija, nane."

"Na hayo mengine?"

"Ya akiba, mwanangu. Yasije yakaisha."

"Kesho asubuhi unayafanyaje?"

Niliona haya kama mwali. "Namwaga. Ili nichote mapya."

"Nani mwingine anamwaga?"

Mikono ikapanda, mmoja mmoja. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu; mimi wa cha tano nilishasema. Hata Mtunza Stoo mwenyewe, wa cha nne.

"Na mimi," alisema. "Tunamwaga wapi?"

Huko nyuma, mtaroni, bata akalia, "Kwak!"

Wallahi nilikaa chini. Kumbe mtoboaji wa tanki ni mimi na ndoo zangu!

"Vyumba sita, kila kimoja ndoo nane kama kwa Bibi," Mtunza Stoo aliendelea. "Jumla arobaini na nane. Hata lile tanki la zamani lingetutosha."

"Haiwezekani!" Fundi Viatu alishika kichwa.

"Hesabu mwenyewe, kaka. Hatumalizi maji kwa kiu. Tunayamaliza kwa hofu. Hata kazini kwangu yalitokea. Kuna mtu alisema sabuni inakaribia kuisha. Kila wodi ikachukua boksi tatu badala ya moja. Stoo ikabaki tupu, na sabuni imejaa makabatini! Wodi iliyochelewa ikakosa kabisa. Hakukuwa na mwizi. Kila mmoja alijiona ana akili. Na kwa upande wake alikuwa nayo, maana asiyewahi anakosa. Ila tukifanya hivyo wote, tunakosa wote."

"Kwa hiyo tununue tanki lingine?" aliuliza mpangaji wa chumba cha tatu.

"Utaongeza bata tu. Dawa ni mtu awe na uhakika kwamba fungu lake linamngoja."

Jioni ile Mtunza Stoo alipigilia ubao chini ya tanki, misumari sita. Kila msumari aliutungia vifuniko vinane vya chupa za soda. Ukichota ndoo moja, unatoa kifuniko chako kimoja na kukitia kwenye kopo. Kinachoning'inia ni maji yako, yamo tankini, hakuna wa kuyagusa. Ndoo zinazozidi ni za mgonjwa, mgeni, au siku ya kufua mikeka, na unasema kwanza. Usiku vifuniko vinarudi msumarini.

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza tulichota zote nane alfajiri. Fundi Viatu aliweka kigoda karibu na koki kama askari wa benki. Mimi nilificha dumu moja nyuma ya kabati. Siamini haraka.

Siku ya tatu, saa sita na robo, Mama Pacha, ambaye siku mbili za mwanzo hakuthubutu kujaribu, aliingia na watoto wake. Vifuniko vyake vinane vilikuwa vinaning'inia. Alifungua koki taratibu, kama mtu anayeogopa kuumwa.

"Yanatoka!" alipiga ukelele. Sindano ya Fundi Viatu, aliyekuwa anashona kiatu mlangoni, ilimchoma kidole. "Bibi, njoo uone! Yanatoka mchana huu!"

Fundi Viatu alikuja, kidole mdomoni. Aliyatazama yale maji mpaka ndoo ikajaa. Kisha akaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwa Mama Pacha.

"Shemeji, nilikukosea," alisema. "Nimeshamwambia mwenye nyumba, habari ya kuhama imekwisha."

Kesho yake aliacha vifuniko vitatu hadi jioni. Alikwenda kuvikagua mara tano. Vilikuwepo. Wiki iliyofuata hakuna aliyeamka kugombania koki. Pipa likawa meza ya kweli, tupu ndani. Na lile dumu la nyuma ya kabati nililitoa, nikampa Mama Pacha la kuwekea mafuta ya taa.

Mwezi uliofuata, saa kumi na moja jioni, tulisikia mlango wa uani unagongwa kwa hasira. Ni jirani wa nyuma, mwenye bata.

"Nani kaziba mtaro? Umekauka kau! Bata wangu wanakonda. Au mmehama humu ndani?"

Tulitazamana. Mama Pacha alikuwa amechuchumaa uani, anawaogesha pacha wake kwenye beseni, povu hadi viwikoni.

"Hatujahama, mama," alisema. "Hata mimi sijahama."