Beji Katika Kitambaa cha Kijani

Kila alasiri, shule ikifungwa, Chokonoa alipitia hospitali kumsubiri mama yake, mpiga picha za eksirei. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, kwa kuwa hakuna kitu alichokipita bila kukichokonoa. Aliketi kwenye benchi la ukumbini akiikodolea macho taa nyekundu iliyo juu ya mlango mzito. Taa ilipowaka, mashine ilinguruma kidogo, kisha ikawa kimya. Humo ndani kulikuwa kumepita kitu kisicho na harufu wala sauti, kikaacha picha ya mifupa ya mtu aliye hai.

Mama alijikinga nyuma ya ukuta mnene. Kifuani alibana beji ndogo ya plastiki, ambayo haikuzuia mionzi bali ilipima kiasi kilichomfikia. Kila baada ya miezi miwili ilipelekwa maabara kusomwa.

Nyumbani, shangazi alikuwa na kinga yake: maji mazito ya kijani, yaliyokamuliwa kwenye majani ya uani.

"Wifi, kunywa. Haya yanafukuza mionzi. Wataalamu wenyewe wanayachunguza!"

"Kuchunguza siyo kuthibitisha, wifi," mama alicheka. "Haya lete, nisije nikanyimwa chakula."

Basi mama akashikwa na mafua, akalala nyumbani siku tatu, mwenzake akimshikia zamu. Beji ilibaki hospitalini ikining'inia kwenye koti lake la kazi. Chokonoa alitumwa hospitali kuchukua sweta, akakikuta chumba kitupu. Alichovya kitambaa kwenye chupa ya maji ya shangazi aliyoiacha mama pale, akaifunga beji na kuificha chini ya meza ya wagonjwa. Aliwaza, "Kama majani yanafukuza mionzi, beji haitaona kitu." Siku ya tatu aliirudisha mahali pake, mdomo kaufunga.

Baadaye, beji iliposomwa, barua ikaja kutoka maabara. Mama aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Mionzi ilikuwa imempata kupita kiasi. Alitakiwa kusimamisha kazi hadi apimwe, na huenda asirudi tena chumba kile.

Jioni hiyo nyumba ilijaa majirani waliosikia habari. Fundi cherehani wa jirani alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Mbona macho yamemfifia hivyo?"

"Zimeni taa tuone kama anang'aa!" mwingine akatania.

Walicheka. Lakini kiti kilicho karibu na mama hakikukaliwa na mtu.

Toka hapo mama alibadilika. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akihesabu nywele zilizobaki kwenye kitana. Alikunywa maji ya shangazi kutwa mara tatu hadi midomo ikawa na rangi ya kijani. Sahani yake aliitenga na za wengine. Wakati mwingine alijishika shingo, kana kwamba kuna mtu amempulizia kwa nyuma.

"Nilijificha nyuma ya ukuta kila siku," alimwambia binti yake. "Kiliniingia lini?"

Chokonoa alimsogelea amkumbatie. Mama akarudi nyuma, mikono mbele.

"Usiniguse, mwanangu."

Hapo binti akaangua kilio. "Mama, hujapigwa na kitu! Ni beji! Niliificha mimi kule chumbani ulipokuwa unaumwa!"

Mama alikaa chini taratibu.

Kesho yake walisimama mbele ya mkuu wa idara. Chokonoa alieleza yote, hata kitambaa. Mzee yule alivua miwani.

"Kwanza, ungekuwa mle mashine ikiwashwa, leo tungekuwa tunakupima wewe. Pili, beji umeifunga kwa majani na bado imeona mionzi. Kwa hiyo yamezuia?"

"Hapana, mzee."

"Watafiti wanachunguza kama mimea fulani inaweza kusaidia mwili kujitengeneza baada ya kuumizwa. Huo ni utafiti. Kinga yetu ni ukuta, aproni ya madini ya risasi na umbali. Na beji ni shahidi wetu. Ukimfanya shahidi aseme uongo, hata asiye na ugonjwa ataugua kwa hofu. Umechelewa kusema, lakini umesema."

Vipimo vya mama vilitoka safi, akarudi kazini. Shangazi aliposimuliwa alishika kiuno.

"Kumbe majani yangu hayafai hata kufungia beji!"

Nyumba nzima ilicheka. Mama alivuta sahani yake akaisogeza kando ya ile ya binti yake, akamfungulia mikono.

"Njoo sasa," alisema.