Bibi Aliyenyooshwa Mdomo

Kila jioni bibi aliketi jikoni akimenya viazi, na mjukuu wake alikaa karibu naye akichora. Tangu bibi alipougua kiharusi, mdomo wake ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Akicheka, upande mmoja ulicheka na wa pili ukabaki unangoja. Hakwenda tena kwa watu. Wageni wakipiga hodi, alijifunika mtandio akaingia chumbani.

Kwa mjukuu hakujificha. Binti huyo alimchora alivyo, mdomo na vyote. Kisha akamwambia, "Bibi, picha yako itabandikwa shuleni siku ya wazazi. Njoo ujione." Bibi alikataa, akabembelezwa, mwishowe akakubali. Nyumba nzima ilishangaa.

Baba wa binti huyo, mwana wa bibi, alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule hiyohiyo. Watoto walimwita Mwalimu Rangi, maana hakuwa na shati lisilo na doa. Alikuwa mwalimu mzuri, ila alipenda sifa mno. Siku ya wazazi ilipokaribia, aliitazama michoro ya darasa lake, akaona itamwaibisha. Ng'ombe walikuwa na shingo za twiga. Basi akaipiga picha, akaiingiza kwenye programu ya kompyuta inayotengeneza picha, akaiagiza iinyooshe na kuipendezesha. Kufumba na kufumbua, kazi ikaisha. Akachapa picha mpya na kuzibandika ukutani, kila moja na jina la mtoto. Michoro ya penseli akaitupa kwenye takataka. Hakumwambia mtu.

Wazazi walikuja wakasifu. Mkuu wa shule alimpongeza mbele ya watu, na Mwalimu Rangi akakivaa kilemba hicho cha ukoka huku anatabasamu.

Bibi alitafuta jina la mjukuu wake mpaka akaliona. Juu yake palikuwa na mwanamke mzee, mdomo umenyooka, meno yamepangika. Akamwita mwanawe kwa sauti ya chini.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Umependeza."

"Nilidhani yupo mtu mmoja asiyeuonea haya mdomo wangu," bibi alisema. "Kumbe hata mtoto huyu anauonea haya."

Binti alikuwa amefika. Aliitazama picha, akamtazama baba yake. "Mimi sikuchora huyu," alisema. "Bibi, mimi nilikuchora wewe."

Watu wakageuka. Mtoto mwingine naye akasema ng'ombe yule si wake.

Uso umeumbwa na haya. Wa Mwalimu Rangi uliwaka moto mpaka masikioni. Angeweza kusema kompyuta imekosea, na maneno hayo yalimfika mdomoni. Lakini alimwona mama yake anavuta mtandio kuufunika uso, yakamkauka.

"Ni mimi," alisema. "Niliipitisha michoro yao kwenye programu ya kompyuta, nikaficha. Watoto hawana kosa."

Bibi alikwenda nyumbani bila kumngoja, akajifungia chumbani.

Jioni alikuja jirani yao, mwanamke aliyefundisha kompyuta katika shule ile. Mwalimu Rangi alianza kuilaumu programu, naye akamkatiza.

"Usiisingizie, ndugu yangu. Imefunzwa kwa picha nyingi za watu, na wengi wao midomo imenyooka. Ikiona mdomo wa Mama, inaufanya ufanane na ya wengine. Haimjui Mama. Wewe unamjua."

Mwalimu Rangi aliinamisha kichwa. Jirani alimweleza kwamba programu ile si haramu darasani, ila ina utaratibu wake. Mtoto achore kwanza kwa mkono wake, na mchoro wake utunzwe. Programu ikitumika, mtoto awepo, alinganishe picha mbili, aseme nini kimebadilika na kama amekubali. Watazamaji waambiwe. Na sura ya mtu isiingizwe humo bila ridhaa yake.

Jirani alipoondoka, Mwalimu Rangi alipiga magoti kwenye mlango wa mama yake akaomba radhi. Bibi alimwacha hapo kwanza.

"Yakuume kidogo hayo magoti," alisema kutoka ndani. Alipofungua, aliuliza mchoro wa mjukuu wake uko wapi. Mwalimu Rangi ikabidi aseme ameutupa. Alilia, mtu mzima na ndevu zake.

"Basi utachorwa mwingine," bibi alisema. "Si jikoni kwa kificho. Nitakuja hukohuko darasani."

Akaenda kweli. Alikaa mbele ya darasa, uso wazi, watoto wakamchora. Kompyuta ilifunguliwa penseli zilipokwisha kuwekwa chini. Bibi aliruhusu mchoro mmoja uingizwe ili waone. Watoto waliona mdomo umenyooshwa tena, wakabishana, na wote wakachagua kubandika michoro ya mkono.

Mwalimu Rangi naye alikuwa amechora. Bibi aliipokea karatasi yake, akaiangalia sana.

"Mwanangu, bado unaona haya," alimwambia, akijigusa shavu la kushoto. "Mdomo wangu uko huku."

Mwalimu Rangi alichukua kifutio mbele ya darasa zima, akaanza upya.