Ukimya wa Chiriku

Ukimya ule ulikuwa na pumzi ndani yake. Bi Chiriku ndiye aliyeisikia kwanza, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na hamu ya kuongea na mtu, akanyamaza.

Walikuwa kwenye chumba cha kurekodia cha kituo cha televisheni, kile cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, kuta zimevikwa sponji nyeusi toka juu hadi chini, ambamo mchana na usiku ni mamoja. Kazi ilikuwa kipindi maalumu. Filamu ya katuni ya zamani, ile ya ndege chiriku anayelinda saa ya mnara isisimame, ilikuwa imefikia umri wa kuheshimiwa, na kituo kilitaka kuisherehekea jioni nzima: vipande vitamu, mahojiano, watoto wa enzi hizo waliokwisha kuota mvi wakifutana machozi. Lakini tusidanganyane. Sherehe ilikuwa chambo. Filamu mpya ya chiriku yule yule ilikuwa njiani, na kipindi kilitengenezwa ili watu wakumbuke ya zamani, halafu wakimbilie tiketi za mpya.

Sauti ya chiriku wa zamani ilikuwa yake yeye. Jina alilopewa na wazazi hata majirani walikwisha kulisahau. Dukani, hospitalini, msibani, alikuwa Bi Chiriku. Watoto walimfuata njiani wakimwomba aseme ile kauli, "Niko macho, saa haisimami," naye aliwasemea huku akijifanya amechoka. Siku ambayo hawakumwomba alirudi nyumbani amenuna.

Sauti ya chiriku mpya alipewa Kibibi.

Hapo ndipo palipouma. Kibibi alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Bi Chiriku alimlea tangu anatambaa, akamfundisha kuvuta pumzi kabla ya sentensi na kutabasamu ndani ya neno. Angepewa mtu baki angemchukia kwa raha zake. Sasa mtoto uliyemfunga nepi mwenyewe utamchukiaje? Bi Chiriku aliweza. Alijishangaa, lakini aliweza. Kila wafanyakazi walipomwita binti yule "Chiriku wetu," yeye alitazama pembeni na kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo.

Fundi sauti, mzee mwenye kitambi na utani mwingi, ndiye aliyeirekodi ile filamu ya kwanza. Alikuwa na desturi moja ya fani yake ambayo wageni huicheka. Kila kazi ikiisha, aliwaamuru walio ndani wakae bila kukohoa, mashine ikiendelea, ili arekodi ukimya. Kila chumba kina ukimya wake, alisema, na ukikata sentensi bila kuziba pengo kwa ukimya wa chumba kile kile, sikio la mtazamaji hujikwaa. Kwenye kipindi hiki chiriku wa zamani na chiriku mpya walitakiwa kukutana na kuongea, na ili sauti za nyakati mbili zisikike kama zimekaa mahali pamoja, fundi alichukua ukimya wa mkanda wa zamani akautandika chini ya sauti ya Kibibi. Kosa lilikuwa hilo. Ila nani angelijua kuwa ni kosa?

"Mbona kama kuna mtu anahema?" Kibibi aliuliza, ameshika hedifoni kwa mikono miwili.

Fundi alimjibu kuwa mkanda ni mzee, na hata yeye akifika umri huo atahema. Watu wakacheka. Bi Chiriku hakucheka, kwa sababu pumzi ile ilikuja na harufu ya manyoya yaliyounguzwa, na harufu hiyo aliwahi kuisikia humo humo ndani alipokuwa msichana.

Kesho yake mambo yakaanza kwenda kombo. Kibibi alisema maneno yake vizuri, kila mtu alimsikia, lakini fundi aliporudisha nyuma ili wasikilize, palipokuwa na sauti yake palikuwa na pengo, na ndani ya pengo mtu anahema. Walibadilisha waya. Walibadilisha maiki. Kibibi akarudia mpaka koo likakwaruza, na jioni alipofika nyumbani alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Asubuhi hakuwa na hata mnong'ono. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima kabisa, akampa vidonge ili asionekane hakufanya kitu.

Mtayarishaji, kijana mwenye miwani aliyekuwa amekwisha kuahidi tarehe kwa wakubwa zake, alimjia Bi Chiriku na heshima ambayo hakuwa nayo wiki iliyopita. Akamwomba ajaribu yeye. Kipindi chote, na ikibidi, filamu mpya nzima.

Moyo wa Bi Chiriku uliruka kwa furaha. Hakuuzuia.

Aliingia chumbani, akavaa hedifoni, chiriku akatokea kwenye skrini, akafungua kinywa, na ikatoka sauti yake ya ujana, nyembamba, angavu, isiyo na kutu hata chembe, na upande wa pili wa kioo watu walisimama. Kibibi hakusimama. Alikaa kwenye kiti cha nyuma, mikono katikati ya magoti, akimtazama mama yake mkubwa akisema maneno yake yote, moja baada ya jingine. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Ilikuwa tamu mpaka sentensi ya mwisho. Hapo Bi Chiriku alitambua kwamba maneno yalikuwa yanatangulia, yanamfikia kinywani kabla hajayafikiria, kana kwamba mtu mwingine anayasema na yeye anachezesha tu midomo, na shingoni mwake pakawa na joto la pumzi, na harufu ya manyoya ikapanda, na chiriku kwenye skrini akafunga mdomo kwa kuwa sentensi yake imeisha, lakini sauti haikuisha, iliendelea kutoka kooni mwake, ikicheka kicheko kidogo cha ndege, ikicheka, ikicheka, hata alipojiziba kinywa kwa viganja viwili akaisikia bado inacheka nyuma ya meno.

Watu walipiga makofi, wakidhani ni mbwembwe.

Nyumbani Kibibi alimwandikia kwenye simu, akamgeuzia kioo asome: "Mama mkubwa, umefurahi?" Bi Chiriku akasema anasikitika sana. Alisema kwa ile sauti ya ujana, maana nyingine haikuja.

Fundi sauti ndiye aliyemwita pembeni. Utani wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa ameupandisha sauti ule ukimya wa zamani hadi mwisho ili ajue kinachohema ni nini, na sasa alimpa hedifoni bila kumtazama usoni. Bi Chiriku akasikiliza. Kwanza mvumo. Kisha msichana, akinong'ona mbali na maiki, akidhani mashine haimpati:

"Sauti hii isiwe ya mtu mwingine. Iwe yangu peke yangu."

Kisha sauti kavu, si ya kiume wala ya kike, karibu kabisa na sikio:

"Ndiyo."

Akakumbuka. Siku zile kulikuwa na msichana mwingine aliyekalishwa kwenye korido, wa akiba, wamchukue kama yeye angeshindwa. Msichana alikuwa mzuri. Wivu ulimkaba, na fundi alipoamuru watu wanyamaze arekodi ukimya, yeye akauambia ukimya shida yake. Hakujua kama kuna anayesikia. Msichana wa akiba alipata mafua wiki ile ile, na hakuonekana tena kituoni.

Fundi alimleta shemeji yake, mke wa kaka yake, mganga anayejulikana kwa kuondoa vitu vya namna hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alivua viatu mlangoni, akaomba wamfungulie mkanda kwenye spika, na yale maneno yakasikika chumba kizima. Kibibi aliyasikia yote. Alimgeukia mama yake mkubwa taratibu sana, na Bi Chiriku akatazama sakafu.

"Huyu hakutumwa na mtu," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe ulimkaribisha. Na kwa kutimiza ahadi, majini wanatushinda sisi watu. Ana wivu kwa niaba yako."

"Ataondoka?"

"Ingia mle, uuambie ukimya umeacha. Lakini uache kweli, maana yeye husikia chini ya maneno. Na sauti hiyo ataondoka nayo."

"Na nikikataa?"

"Binti atabaki alivyo. Wewe utaimba vizuri mpaka kufa."

Mzazi mwenzangu unayesoma utasema jibu lilikuwa rahisi. Bi Chiriku aliomba kwenda maliwatoni. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko inavyofaa. Alifikiria watoto waliomfuata njiani. Alifikiria filamu mpya, jina lake kwenye mabango, na jinsi watu walivyosimama upande wa pili wa kioo. Alifikiria, na Mungu amsamehe, kwamba Kibibi bado kijana, atapata kazi nyingine.

Alipotoka, Kibibi alikuwa kwenye korido na kikombe cha maji ya vuguvugu. Kabla ya kila kurekodi, tangu akiwa mtoto wa kushika sketi, ndiye aliyemletea maji hayo, maana alifundishwa kuwa ya baridi hukaza koo. Macho yake yalikuwa na hasira. Mikono ilimpa kikombe hata hivyo.

Bi Chiriku akanywa yote, akaingia.

Mlango ulipofungwa taa ilififia bila mtu kuigusa, na ule mvumo wa chumba ukaanza kujikusanya upande mmoja, nyuma yake, kisha pembeni, kisha mbele ya uso kabisa, na pumzi ikamgusa midomo ikiwa ya moto na yenye harufu ya manyoya yaliyoungua, na alipotaka kusema kwamba ameacha, koo lake lilisema kitu kingine, lilisema niko macho, niko macho, kwa ile sauti tamu aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda mume, kuliko, ndiyo, kuliko mtoto, na akang'ang'ana nayo, akaishika neno kwa neno kama mtu anayevuta kamba kisimani, akilia, akimwona Kibibi ng'ambo ya kioo, mpaka akapata mwanya mdogo wa pumzi yake mwenyewe na kusema ndani yake, "Mpe mtoto. Sitaki tena. Mpe mtoto."

Kitu kikang'oka kooni mwake. Kukawa kimya, kimya kweli, kisicho na mtu.

Kutoka kwenye spika ikasikika sauti iliyokwaruza kidogo: "Mama mkubwa?"

Fundi alilia waziwazi. Mtayarishaji alikumbatia watu asiowajua majina. Bi Chiriku alimkumbatia binti yake, akataka kumwomba radhi, na kinywani ukatoka upepo mtupu. Mganga akasema haitarudi. Akaagiza mkanda wa zamani uchomwe siku hiyo hiyo, akachukua mkoba wake na kuanza kuvaa viatu.

Fundi akasema ukichomwa itabidi arekodi ukimya mwingine, mpya, ili amalizie kipindi. Mtu mmoja tu anatosha kukaa ndani.

"Nitakaa mimi," Kibibi alisema.

Akaingia peke yake, akafunga mlango. Kupitia kioo walimwona amekaa ametulia, kichwa kimeinama, mgongo amewapa wao.

Kipindi kilirushwa na kilipendwa. Mtaa mzima ulikitazama, na watoto walikwisha kuanza kumwita Kibibi kwa jina la chiriku. Bi Chiriku alikaa kwenye kochi la sebuleni pembeni ya binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze moyo wake ulikuwa mwepesi. Wivu ulikuwa umemtoka pamoja na sauti. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mzito.

Ikafika sehemu ya mwisho, chiriku wawili kwenye mshale wa saa ya mnara. Wa zamani akasema kauli yake. Kabla wa mpya hajajibu palikuwa na pengo dogo, ambalo mtazamaji wa kawaida hata asingeligundua, lakini Bi Chiriku alikuwa amekaa na mapengo maisha yake yote, na humo ndani, kwenye ule ukimya mpya, chini kabisa ya muziki, alimsikia msichana akinong'ona.

"Isiwe ya mtu mwingine. Hata ya mama mkubwa."

"Ndiyo."

Akageuka. Kibibi alikuwa ametazama skrini, midomo ikicheza pamoja na ya chiriku. Sebule ilikuwa inanuka manyoya yaliyounguzwa. Bi Chiriku akamshika mkono, akafungua kinywa amwambie, amwambie sasa hivi kabla ahadi ile haijaota mizizi, akasukuma kwa nguvu zake zote, na ukatoka upepo.

"Usijichoshe, mama mkubwa," Kibibi alisema bila kugeuka, na taratibu akamsogezea kikombe cha maji ya vuguvugu.