Mchezo Rahisi Alioutaka Mukhtar

Magharibi ilikuwa inaingia nilipotoka kwenda kununua mafuta ya taa. Mafuriko ya Elnino yalikuwa yamekata barabara ya Garsen, hatukuwa na pa kwenda. Mzungu mmoja wa misaada alituachia mchezo wake: mmoja anaongoza hadithi, wengine wanajifanya mashujaa, dadu zinaamua nani anapona. Aliacha vitabu viwili, kila kimoja na kanuni zake. Nilitaka kile kinene, maana kilikuwa na kanuni ya kila kitu, hata ya kumfukuza pepo akishaingia. Mukhtar, mchumba wa mdogo wangu Ifrah, alitaka chembamba, na hata hicho alikiona kirefu. Mvivu yule! Tulibishana hadi nikachukua chupa nikaondoka.

Niliporudi, walikuwa na mgeni.

Mwanamke. Buibui lake limelowa. Alinuka matope ya mto na kitu kingine... nyama iliyokaa. Mukhtar akanieleza kwa furaha kwamba mama huyu amekwama kwa maji, na anajua mchezo rahisi kuliko yote. Hauna dadu, hauna kitabu. Anayeongoza anasema, wanaocheza wanajibu.

"Na kanuni ya kumtoa aliyeingia?" nikauliza.

"Wewe Bishara unapenda kitabu sana," Mukhtar akasema. "Huu kila mtu anauweza. Kaa chini."

Sikukaa. Niliwasha taa huku nimenuna.

"Mko nyumbani," mgeni akanong'ona. "Giza linaingia. Kuna mtu mlangoni."

Akamkazia macho Ifrah.

"Hodi..."

Ifrah amelelewa vizuri. Hajawahi kuacha hodi bila jibu.

"Karibu," akasema.

Lakini mdomo wa mgeni haukuwa umefunguka. Ile hodi ilitoka nje.

Mlango ukasukumwa taratibu. Hapakuwa na mtu. Nyayo za maji zikaja sakafuni, moja... nyingine... hadi kwenye mkeka wa Ifrah. Zikaishia hapo.

"Nimekaribia," Ifrah akasema, kwa sauti ya mzee wa kiume.

Tulipogeuka, mgeni hayupo.

Mukhtar alitimua mbio. Kesho yake akatuma watu kuvunja uchumba, eti nyumba yetu ina majini. Majini! Nani aliyeyaleta? Nilikuwa na hasira hadi chakula hakipiti. Ifrah hakunijua tena, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama mtungi. Sheikh alisoma hadi sauti ikamkauka. Akaniambia huyu hakuingia kwa nguvu, alikaribishwa, na hatatoka mpaka nyumba nyingine imkaribishe. Yule mwanamke ni nani, hakujua. Nadhani hakutaka kujua.

Jioni hiyohiyo nikamshika Ifrah mkono, nikampeleka kwa Mukhtar. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilimsikia ndani akicheka.

"Hodi," ikasema ile sauti.

Kicheko kikakatika. Aliitambua, mwoga yule, nikamsikia akisukuma komeo. Nilitaka ajibu yeye. Wallahi, nilimtaka yeye.

"Karibu, mwanangu," akaitika mama yake kutoka chumba cha nyuma, alikokuwa amelala na homa.

Mkono wa Ifrah ukapata joto ndani ya mkono wangu.

"Dada," akasema, "twende nyumbani."

Nyuma yetu Mukhtar alianza kumwita mama yake. Akaita, akaita tena. Sikugeuka.