Kedekede ni Vikombe Vingapi?

Mtaani walimwita Kamusi, na jina hilo alilipenda kuliko lake la cheti. Ukimpa neno moja, alikurudishia matano. Jumamosi hiyo alikuwa akijiandaa kwa shindano la darasa. Mwalimu wa Kiswahili alitaka maneno ya vitu visivyo na hesabu wala mpaka, na Kamusi alizunguka chumbani akiyakariri: "Tele, lukuki, kochokocho, kedekede, chungu nzima..."

"Hayo maneno yataosha vyombo?" mama yake alimtania huku akijifunga kilemba. Alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, na siku hiyo hakupewa ruhusa ya kubaki nyumbani. Mwanawe mdogo wa miaka miwili, waliyemwita Kibonge, alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Mama alikoroga dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini ndani ya jagi la maji yaliyochemshwa, akalifunika kwa sahani.

"Kila akiharisha, mpe kikombe hiki kidogo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo kisha endelea. Ukiona analegea, mwite jirani. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kibonge alipoharisha, alimpa kijiko kimoja. Mtoto akakunja uso na kukitema chote kifuani. Kamusi akamfuta, akamlaza, akarudi kwenye maneno yake matamu. Kibonge akaharisha tena, na tena. Kamusi, dada yake, alimbadilisha nguo tu. Alasiri mtoto alinyamaza kabisa, na Kamusi akafurahi kwamba amepata usingizi.

Jioni alisikia sauti ya mama nje, akimsalimu jirani. Hapo ndipo alipolikumbuka jagi. Alifunua sahani, akakuta limejaa pomoni. Alilibeba mbio hadi kwenye karo, akayamwaga maji yote, akalirudisha mezani likiwa tupu.

"Amekunywa?" mama aliuliza mlangoni.

"Tele, mama."

"Na kuharisha?"

"Kiasi."

Mama aliliona jagi, akashukuru. Kisha akamwinua Kibonge, na kichwa cha mtoto kikaanguka begani kama kitambaa. Mama alimfunga mgongoni, wakakimbilia zahanati, Kamusi akiwafuata nyuma.

Nesi wa zamu alikuwa mama mnene asiyependa porojo. Alifinya ngozi ya tumbo la Kibonge, akaitazama ikirudi polepole.

"Amekojoa leo?"

"Sijui... labda," Kamusi alijibu.

"Amekunywa maji ya dawa vikombe vingapi?"

"Vingi."

"Vingi ndiyo vingapi?"

"Kedekede," alisema, na mtu mmoja kwenye benchi akacheka.

Nesi hakucheka. Alimgeukia mama, ambaye alidakia kwamba amelikuta jagi tupu. "Jagi zima limeingia, na bado mtoto amekauka hivi? Basi maji hayamkai mwilini. Huenda kuna ugonjwa mwingine mzito. Nitaita gari limpeleke hospitali kuu."

Mama aliketi sakafuni. Alianza kulia kwa sauti mbele ya watu wote, yeye ambaye Kamusi hakuwahi kumwona akilia. Kamusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Maneno yote aliyokariri yalimkimbia, yakabaki mawili tu, na hayo yalikuwa mazito kuliko yote.

"Hakunywa, nesi."

"Hakunywa nini?"

"Hata kikombe kimoja. Nilimpa kijiko kimoja, akakitema. Jagi nililimwaga mimi."

Mama alimtazama tu, hakumgusa wala kumkaripia, na Kamusi aliona heri angechapwa.

Nesi alikuwa ameshakoroga dawa nyingine. Alipoweka kijiko mdomoni mwa Kibonge, mtoto alikidaka kwa pupa na kutaka kingine. "Kumbe ni kiu!" nesi alisema, akashusha pumzi. "Njoo, wewe. Kaa hapa, umnyweshe. Nami niko hapa nakuangalia."

Kamusi alimpakata mdogo wake, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kwa aibu alishindwa kuinua macho. Hata Kibonge alipotapika kidogo, alisema mara moja: "Ametapika, nesi," akangoja, akaendelea. Vikombe vilipofika vitano, alihisi joto likimwenea mapajani. Gauni lake lililowa chepechepe.

"Mama! Amekojoa! Amenikojolea mimi!"

Benchi likaangua kicheko. Mama naye akacheka huku machozi yakimtoka, akaja kukaa karibu yake.

"Mwanangu," nesi alisema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la kwanza ni uzembe, na watoto huzembea. Lakini ulitafuta neno kubwa la kulifunikia. Ningeendelea kukuamini, ningemtibu ndugu yako ugonjwa asiokuwa nao. Ukiulizwa juu ya mgonjwa, sema ulichokiona, hata kama kinakuaibisha."

"Nisamehe, mama," Kamusi alinong'ona.

"Nimekusamehe. Ila dawa ya lile jagi utaikoroga wewe."

Usiku huo, nyumbani, mama aliuliza kutoka kitandani: "Amekunywa?"

Kamusi alikitazama kikombe. "Nusu, mama. Nyingine ameimwaga. Namwongezea."